Umesoma Mpaka Wapi?

Neno lililonikera juma hili, na ambalo hata sasa halijanitoka moyoni, lilitamkwa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, katika mkutano wa wakulima wa mboga waliokuwa wakijadiliana juu ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004, ile inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mama mmoja mwenye bustani ya nyanya bondeni alisimama kwa taadhima akauliza mita hizo zapimwa kutoka wapi, ukingo wa kiangazi au ukingo wa masika, ilhali mto hauketi mahali pamoja, naye kijana msomi aliyekuwa akiitetea sheria akammiminia Kiingereza kizito ambacho hapana aliyekifahamu, kisha akamwuliza: “Mama, umesoma mpaka wapi?” Watu wakacheka, mama akaketi, shauri likapita.

Swali halikujibiwa. Wenye ilimu ya mantiki tangu kale wameihesabu tabia hii, ya kuiacha hoja na kumwandama mwenye hoja, kuwa ghalati kubwa ya mjadala, na Uluguru yaijua gharama yake. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, wakulima walipinga kwamba matuta hayo yafukua udongo usio na rutuba na kutuamisha maji hata ardhi ikaporomoka. Wakaambiwa ni wajinga waliochochewa na wanasiasa, mpaka ghasia zikazuka mwaka 1955 na mpango ule ukaachwa.

Atasema mtu kwamba nawatetea waharibifu, na kwamba bwawa la Mindu, linalolishwa na mito ya huko na kuupatia mji wa Morogoro maji, litakauka kwa huruma zangu. Hilo nalo ni kosa, kana kwamba hapana njia nyingine baina ya kumnyamazisha mama yule na kuliua bwawa. Mimi naitaka sheria ifuatwe, na ndiyo sababu nataka ifahamike. Wala siudharau usomi: Mwalimu Nyerere, aliyekijua Kiingereza hata akamfasiri Shakespeare katika Julius Caezar mwaka 1963, alisema na wakulima kwa Kiswahili, nao wakamwelewa.

Basi namsihi kijana yule, ambaye elimu yake yahitajiwa sana Mlali, achukue futikamba, ashuke mtoni pamoja na mama, amwonyeshe kwa Kiswahili mita ya kwanza yaanzia wapi.