Je, Tuwafundishe Watoto Kuikataa Dhuluma?



Wazazi kadhaa wametuuliza juu ya vitabu vya picha vinavyosomwa Shule ya Jumapili, vile vinavyomwonyesha mtoto akisimama mbele ya wakubwa na kusema kwamba jambo fulani si haki. Wanauliza: huku si kuwafundisha watoto ukaidi? Swali hilo si dogo. Sisi tuliotoka Kongo tunawakumbuka wale watoto wa mwaka 1996 na 1997 walioitwa kadogo. Nao waliambiwa kwamba wanaondoa dhuluma, kisha wakapewa bunduki. Mzazi aliyeyaona hayo, akisikia mtoto anafundishwa kudai haki, lazima ashtuke, wala hatumlaumu.

Lakini na tukifungue kitabu chenyewe. Kimoja kiliandikwa na daktari Mmarekani, Robert Coles, kikatoka mwaka 1995 pamoja na picha za George Ford. Ni habari ya kweli ya Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka 6 katika mji wa New Orleans. Tarehe 14 Novemba 1960, kwa amri ya mahakama, aliingia katika shule iliyokuwa ya wazungu peke yao. Watu wazima walijipanga nje wakimtukana. Wazazi wa kizungu wakawaondoa watoto wao, na Ruby akasoma mwaka ule peke yake darasani na mwalimu mmoja, Barbara Henry. Baba yake alifukuzwa kazi. Na Coles anasimulia kwamba mtoto huyo alikuwa akiwaombea wale waliomzomea.

Tena hakwenda peke yake. Askari wa serikali kuu walimsindikiza. Hapo ndipo tungependa mzazi atulie kidogo. Si Ruby aliyelianzisha jambo hilo. Wazazi wake ndio waliokubali, mama akitaka, baba akisita, na hasara wakaibeba wao. Kitabu kinachomtuma mtoto mbele huku mkubwa amejificha nyuma ya mlango, hicho tusikipokee.

Wengine watatukumbusha Waefeso 6:1, kwamba watoto watii. Amina. Lakini someni pia Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao ambao wangenyimwa kwa kuwa ni wanawake. Hawakuambiwa hawana adabu. Musa alilipeleka neno lao mbele za Bwana, naye Bwana akasema wamenena haki. Ni wangapi kati yetu wanaolipeleka neno la binti yao hata kwa kiongozi wa kijiji tu?

Maana mtoto akijifunza kuiona dhuluma, hataanza na ile ya New Orleans. Ataanza nyumbani. Atauliza kwa nini dada yuko kwenye foleni ya maji tangu alfajiri na kaka bado amelala. Atauliza kwa nini mtoto wa kabila lile haitwi kucheza. Na siku ya mgao atauliza kwa nini kipimo cha mama mjane kimepungua na wazee wote wamenyamaza. Swali hilo la mwisho lina hatari, tusidanganyane. Mkimbizi hunyamaza kwa sababu jina lake liko kwenye orodha iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo hatusemi mtoto aende mwenyewe kwa wagawaji. Amwambie mzazi, mzazi amwambie mzee wa kanisa, na wazee waende wawili au watatu, kwa upole, na chakula chenyewe kikapimwe tena mbele ya wote. Ruby alikuwa na askari wake. Watoto wetu wana sisi tu.

Vitabu vitaendelea kusomwa kila Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Tunawaomba akina baba na akina mama waje, wakae nyuma ya watoto, wasikilize. Mwenye neno alilolisikia kutoka kwa mtoto wake na alilete kwa wazee siku ya Jumatano, saa kumi jioni, kanisani.