Ukaidi Wako, Nani Anaulipa?



Sisi mashabiki wa Arsenal hapa Majengo tunajua kungoja. Tulichukua Kombe la FA Mei 2005, halafu hatukuona kombe lingine mpaka Mei 2014. Miaka 9 ya kuchekwa! Kila wikendi kocha Arsène Wenger alikuwa akipanga vijana wake wale wale, na sisi tulikuwa tukilalamika: huyu mzee hasikii.

Februari 2011 tulikuwa fainali ya Carling Cup na Birmingham. Dakika za mwisho, beki Koscielny na kipa Szczęsny hawakuelewana, Martins akapata mpira wa bure, akafunga. Tukalala 2-1. Nilitoka kwa video nikiapa Koscielny asicheze tena. Wenger akazidi kumpanga. Mei 17, 2014, fainali ya FA, Hull wakaanza kwa kutuongoza 2-0. Cazorla akarudisha moja. La kusawazisha lilifungwa na nani? Koscielny! Ramsey akamaliza kazi kwa muda wa nyongeza.

Basi Wenger alikuwa sawa? Usikimbilie kusema amina. Wengine aliowang'ang'ania hawakuiva kamwe. Na kama kombe ndilo mizani, basi asubuhi ya siku ile alikuwa mkaidi, na jioni akawa mtu wa imani?

Soma Matendo 15:36-41. Barnaba anataka kumchukua Yohana Marko. Paulo anakataa, kwa sababu kijana aliwaacha kule Pamfilia. Wote wawili walikaza msimamo mpaka wakaachana. Lakini angalia gharama. Barnaba aliulipa msimamo wake mwenyewe: alipoteza safari na Paulo, akaenda Kipro na kijana ambaye hakuna aliyemtaka. Miaka baadaye, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo mwenyewe anaomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa.

Sasa niseme yangu. Nilipoongoza timu ya sifa, kijana wetu wa kinanda alikosa Jumapili mbili. Nikamtoa. Mama yake alinifuata baada ya ibada, akaniomba nimpe nafasi nyingine. Nilimjibu, "Mama, madhabahu si mahali pa mchezo." Nililala vizuri usiku huo. Niliita ule ugumu wangu utakatifu, lakini mimi haukunigharimu kitu. Aliyelipa ni yule kijana. Siku hizi anabeba mizigo Gikomba, na Jumapili hatumwoni.

Juzi nilienda kumtafuta, nikamwomba msamaha. Alinisikiza, akasema, "Sawa, uncle," akabeba gunia lake akaenda. Hajarudi. Nitaenda tena.

Ndugu yangu, dada yangu, kuna mtu umemfungia mlango na kusema ni msimamo? Kabla hujasema Mungu yuko upande wako, jiulize: gharama yake inalipwa na nani?

Bwana atupe moyo wa Barnaba. Amina.