Taka na Kutaka

Wilayani Tarime, vijiji vilivyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Genkuru kikiwa kimojawapo, vinaishi na milima ya aina mbili. Kuna vilima walivyovikuta mababu, na kuna vile vilivyomwagwa na malori tangu mgodi uanze kuzalisha mwaka 2002. Hivi vya pili ni vifusi. Wenzetu wa Geita wana jina lao la mawe hayo, magwangala, na wameyadai kwa miaka mingi, maana jiwe lililotupwa na mgodi mkubwa bado lina chembe za kumtosha mwenye nyundo na karai.

Taka ni uchafu; kutaka ni kutamani. Hata kama maneno haya hayana ukoo mmoja, hapa Nyamongo, eneo la mgodi huu, yanalala nyumba moja. Katika tani nzima ya mwamba, dhahabu ni gramu chache tu. Kilichobaki, yaani karibu tani yote, hakina kosa lolote. Kimekuwa taka kwa sababu mtu alitaka kingine.

Ndiyo maana moyo hufurahi kusikia kwamba kifusi kinaweza kuwa nyumba. Wajerumani waligundua mwaka 1862 kwamba mavi ya chuma, taka za tanuri la kuyeyushia chuma, yakipozwa ghafla kwa maji, yakasagwa na kuchanganywa na chokaa, hushikamana kama saruji. Leo yamo ndani ya saruji ya nchi nyingi, na anayelala chini ya zege hilo hana habari.

Lakini mwamba wa dhahabu una tabia yake. Mara nyingi huja na pairiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'ao wa dhahabu. Chini ya ardhi imetulia. Ikipasuliwa, ikakutana na hewa na mvua, hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali nzito na kuzishusha mabondeni. Tope linalobaki dhahabu ikishatolewa, likahifadhiwa bwawani, nalo limesagwa laini kama unga na limepitia sianidi. Julai 2019 serikali iliamuru matumizi ya bwawa la tope la North Mara yasitishwe kwa sababu ya maji yanayovuja. Watu wa Mto Tigithe, unaopita karibu na mgodi, hawakuhitaji kuelezwa maana ya agizo lile.

Kujengea mabaki bila kuyapima kumewahi kuleta majuto. Huko Grand Junction, Colorado, miaka ya 1950 na 1960, watu walichukua mchanga uliobaki kwenye kinu cha urani wakajengea misingi na sakafu. Ulikuwa mchanga mzuri, tena wa bure. Maelfu ya nyumba. Baadaye Marekani ililazimika kuufukua mchanga ule chini ya vitanda vya watu, kwa sababu ya mionzi yake.

Nyamongo ina neno jingine linalonikosesha usingizi: kutegesha. Ni kujenga haraka kwenye ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili jengo lihesabiwe katika fidia. Simlaumu anayetegesha; anajua ardhi ikienda hairudi. Ila zitazame nyumba hizo. Bati ni bati kweli, tofali ni tofali kweli, lakini hakuna aliyekusudia kulala humo. Kama jiwe jema hugeuka taka kwa kutakiwa kitu kingine, nyumba nayo hugeuka taka vivyo hivyo, mlango wake ukiwa bado unanukia rangi.

Basi saruji haitoshi kuligeuza tope la mgodi kuwa tofali. Lazima awepo mtu anayekusudia kulala ndani ya nyumba ya tofali hilo, kwa kuwa huyo ndiye atakayeuliza yale ambayo muuzaji hayaulizi: likilowa litatoa nini? Likibomoka, vumbi lake litaingia kifua cha nani?

Mimi ningeanza na mwamba usio na salfa, uliopimwa na kutengwa, uwe kokoto na mawe ya msingi. Tofali la tope lisubiri. Lilowekwe majini siku nyingi, maji yale yapimwe aseniki na metali nyingine, kisha majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, mpaka bibi aliyekaa nyuma kabisa aridhike. Na jengo la kwanza lisiwe darasa la watoto. Iwe nyumba ya wataalamu waliolipima, pale pale Genkuru, na vitanda vyao viwe humo.