Nani Amekosa?

Anapozaliwa mtoto mwenye ualbino, bado wapo wanaouliza nani amekosa: mama, au ukoo? Swali ni la kale. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi wa Yesu waliuliza vivyo hivyo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu. Leo vinasaba vina ushahidi ambao misikiti na makanisa ya Tabora yanapaswa kuusikia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu Watanzania wenye ualbino ulikuta kwamba sehemu kubwa ya nakala zao za jeni iitwayo OCA2 zina pengo lilelile: herufi 2,700 hivi za DNA hazipo. Mwili husoma maelekezo ya protini herufi tatu tatu. Andika LEO TOA YAI PIA, ufute E, kisha usome tena kwa tatu: LOT OAY AIP IA. Ndivyo inavyokuwa hapa. Kati ya herufi zilizopotea, zile chache zenye maelekezo ya protini hazigawanyiki kwa tatu, hivyo yote yanayofuata yanavurugika, protini inakatishwa njiani, na seli za ngozi, ingawa zipo, zinashindwa kutengeneza rangi ya kutosha.

Muumini atasema hayo yanaeleza namna tu, na kwamba Mungu akitaka kuadhibu hashindwi kuipitia DNA. Hashindwi, ila adhabu haitangulii kosa. Pengo hilohilo limeonekana Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini hadi Kameruni, dalili kwamba lilitokea kabla Wabantu hawajatawanyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo katika karne ya 19 hawakulitoa pwani. Yaelekea baadhi yao walikuwa nalo tayari bila kujua, maana mwenye nakala moja yenye pengo haonyeshi dalili. Mtoto huwa na ualbino akizipokea mbili, ya mama na ya baba. Mume anayemfukuza mkewe kwa jambo hili (na wapo) anamfukuza kwa kitu ambacho nusu yake ametoa yeye.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba pengo linadhuru kweli: uoni hafifu, saratani ya ngozi. Sikatai, ndiyo maana kofia na losheni ya jua ni haki, si hisani. Lakini anayesema upungufu wa DNA ni upungufu wa utu atueleze kama mwenye nakala moja ana utu pungufu kidogo. Naye mpiga ramli anayeuza kiungo cha mwenye ualbino kuwa dawa ya utajiri hajaeleza kwa nini pengo hilohilo, ambalo huenda baadhi ya wateja wake wanalo mwilini, halijawatajirisha.