HAKI YA NJIA
Waadhi juu ya kuvuta tumbaku mbele za watu, na mpaka wa amri ya serikali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vizuri na kutuharimishia vichafu. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baadu.

Enyi ndugu zangu Waislamu! Yapo maneno yasemwayo sana barazani baada ya sala ya Alasiri, nayo ni haya: "Mwili ni wangu, fedha ni yangu, na njia ni ya watu wote, basi serikali yanikatazaje sigara yangu hapa nje, chini ya mbingu ya Mungu?" Na wayasemao si wajinga wote, wamo katika wao watu wa safu ya kwanza. Basi haifai kuwajibu kwa makemeo. Yafaa tuyatie maneno yao katika mizani ya sharia, tulikubali lililo kweli na tulikatae lililo batili.

Sheria inayonung'unikiwa katika Kenya ilipitishwa mwaka 2007, ikaanza kutumika Julai 2008. Imekataza kuvuta tumbaku mahali pa watu wote, na katika mahali hapo imetia hata njia na baraza zilizo jirani napo, ila pale palipotengwa kwa wavutaji. Mwenye kuivunja hutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au hufungwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili.

Ama jambo la kwanza, ni haki ya njia. Bwana Mtume (s.a.w.) aliwaonya sahaba zake wasikae njiani. Wakasema kuwa hawana budi na vikao vyao hivyo. Basi akawaambia, ikiwa hamna budi, ipeni njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu. Tazameni, ndugu zangu! Hakuwanyima njia, wala hakuwaachilia wafanye watakavyo. Na moshi ni udhia uliyo dhahiri. Hauombi ruhusa, humwingia mama mwenye mimba, na mtoto aendaye chuoni, na mgonjwa wa pumu, wote pasipo ridhaa yao.

Tena fikirini habari ya thumu. Thumu ni chakula cha halali, hapana hitilafu. Na juu ya hayo Mtume alimwamuru aliyekula ajitenge na msikiti wetu, kwa ajili ya harufu tu. Ikiwa halali huzuiwa kwa ajili ya pua ya jirani, itakuwaje kitu kidhurucho pafu lake? Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kuwa moshi wa wengine huwaua kila mwaka watu zaidi ya milioni 1 ambao wao wenyewe hawavuti.

Akisema mtu: "Hayo ni ya ndani ya nyumba, nje upepo huuchukua moshi," twamjibu: umesema kweli, lakini si kweli yote. Dhara ya ndani ni kubwa zaidi, na aliye peke yake pwani usiku hana wa kumwudhi ila nafsi yake. Huyo atajihesabia na Mola wake, aliyetukataza katika Suratul Baqara tusijitie wenyewe katika maangamizo. Maana mwili si mali yetu, ni amana. Lakini nenda Likoni asubuhi, watu wamebanana bega kwa bega wakingojea feri. Hapo upepo wapitia wapi? Na aliye nyuma yako akimbilie wapi?

Ama jambo la pili, ni mpaka wa mtawala. Hapa walalamikaji wana hoja. Mwaka 1633 (1043 Hijria), baada ya moto mkubwa wa Istanbul, Sultani Murad wa Nne alipiga marufuku tumbaku na kuyafunga majumba ya kahawa, akawaua wavutaji wengi. Je, watu waliacha? Katib Chelebi, mwandishi wa mji huo na zama hizo, ameeleza kuwa wengine walificha viko vifupi ndani ya mikono ya nguo zao, wakavuta hata wenzao walipokuwa wakiuawa. Baada yake Sheikh Abdul-Ghani An-Nabulusi wa Damascus, aliyekufa mwaka 1731, alitunga risala kuitetea tumbaku kuwa ni mubaha, akakana kuwa amri tupu ya mtawala, isiyo na dalili, yaweza kuigeuza mubaha kuwa haramu. Sheikh huyo hakuyajua yajulikanayo leo na matabibu. Lakini kanuni aliyoilinda ni kubwa. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameiweka wazi: amri ya mtawala juu ya raia hufungamana na maslaha yao, wala haifungamani na matamanio yake.

Basi amri yenye kumlinda mpita njia ni maslaha. Ama kuchungulia majumbani si maslaha, kwani Mwenyezi Mungu ametukataza kupelelezana katika Suratul Hujurat. Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipanda ukuta akamkuta mtu katika maasia. Naye akamwambia: mimi nimeasi moja, wewe umeasi matatu: umepeleleza, umeingia pasipo mlango, na hukutoa salamu. Umar akamwacha. Kadhalika askari amkamataye mvutaji asimfikishe kwa hakimu, bali amwonyeshe mfuko, huyo hakuzuia moshi, amekula rushwa. Na Mtume amemlaani mtoaji pamoja na mpokeaji. Basi wewe uliyemtilia mkononi ili uende zako, usijione umedhulumiwa peke yako.

Ndugu zangu, serikali huingia pale palipohamwa na adabu. Lau tungaliipa njia haki yake kama tulivyofundishwa, tungalihitaji askari wa kutuambia tuizime sigara mbele ya mtoto? Aliyezoea na ajitahidi kuacha. Asiyeweza leo, na ajitenge na watu, akizime kichungi wala asikitupe njiani, wala asimtume mtoto dukani kumnunulia. Na mkiona sheria imepita mpaka, semeni kwa wakubwa wenu waziwazi, kwa dalili na upole. Lakini msidai uhuru wa kuvuta kwa kumnyang'anya mwenzenu pumzi, kwani naye pumzi yake ni amana.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Amin.

Wabillahi ttaufiq.