Kumcheka Mwuaji, au Kucheka Pamoja Naye?

Jioni moja baada ya mafundisho vijana wawili walitungoja mlangoni pa kanisa. Mmoja alisema: «Mwalimu, tumetazama filimu ya tajiri mmoja anayeua watu, nasi tumecheka hata machozi yakatutoka. Lakini njiani, tulipokuwa tukirudi, kila mmoja alinyamaza. Tuliona haya. Je, tumetenda dhambi?»

Mwalimu hupenda kujibu upesi: ndiyo, au sivyo. Lakini filimu ile tulikuwa tumeitazama sisi pia, na sisi pia tulicheka. Kwa hiyo tuliwaomba siku chache za kufikiri. Leo twawaandikia tuliyoyaona, maana swali lao si la watu wawili tu.

Filimu yenyewe

Filimu hiyo huitwa American Psycho, maana yake ni kama kusema Mmarekani mwenye wazimu. Aliyeitengeneza ni mama mmoja wa Kanada, Mary Harron, nayo ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2000. Hadithi yake imetoka katika kitabu cha Bret Easton Ellis, kilichotolewa mwaka 1991. Tuseme mara moja: filimu hii si ya watoto, wala hatumshauri mtu aende kuitafuta. Ndani yake mna damu na uchafu mwingi. Lakini wengi wamekwisha kuitazama, na yafaa kusema nao.

Mtu anayesimuliwa ni Patrick Bateman, kijana wa miaka 27, mwenye kazi ya fedha katika Wall Street, mjini New York, katika miaka ya 1980. Ana nyumba nzuri, ana nguo za bei kubwa, na mwili wake autunza kama watu watunzavyo sanamu. Kila asubuhi hufanya mazoezi, huosha uso kwa dawa hii, huupaka dawa ile. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maana mtu huyu akikasirika, au akichoka tu, huua. Naye mwenyewe akiri moyoni kwamba ndani yake hamna mtu.

Basi kwa nini watu hucheka? Kwa sababu filimu yaonyesha majivuno yake pasipo nguo. Siku moja matajiri hao wameketi, wanaonyeshana vikaratasi vyenye majina yao. Wote wana cheo kile kile, na vikaratasi karibu vyote vyafanana. Lakini Bateman, akiona kile cha mwenzake Paul Allen kimepita chake kwa uzuri, jasho lamtoka kama mtu aliyepata habari ya msiba. Siku nyingine mwanamke amwuliza kazi yake, naye ajibu kwamba ni kuua watu. Mwanamke asikia maneno mengine ya Kiingereza yenye sauti karibu na hayo, ya kuunganisha na kununua makampuni, akaendelea kuzungumza pasipo kushtuka. Na usiku amwuapo Allen kwa shoka, kwanza atandika magazeti sakafuni, avaa koti la mvua, kisha amtolea mgeni wake hotuba ndefu juu ya muziki. Mtu hucheka kabla hajajua kwamba anacheka.

Watazamaji wa namna tatu

Hadithi hii iligawanya watu tangu mwanzo. Mwaka 1990 kampuni ya kwanza iliyokuwa imekubali kuchapa kitabu ilikiacha. Kampuni nyingine ilikitoa mwaka uliofuata, na chama kikubwa cha wanawake wa Marekani kiliwasihi watu wasikinunue. Filimu nayo ilipotoka, wengine waliichukia kabisa. Walisema: ukatili juu ya wanawake na maskini si jambo la kuchezea. Tusiwadharau watu hao. Aliyepata kuzika ndugu aliyeuawa haoni shoka kuwa kitu cha kuchekesha, na katika nchi yetu watu wa namna hiyo si wachache.

Wengine walimcheka Bateman. Hao waliona lile alilolitaka Harron mwenyewe, yaani kuwadhihaki wanaume wenye fedha na majivuno, wasiojua thamani ya mtu ila thamani ya nguo zake.

Lakini walitokea watu wa tatu, na hao ndio wanaotutia hofu. Hao walicheka pamoja na Bateman. Walipenda mwili wake, nguo zake, kutojali kwake. Hata leo, miaka zaidi ya 20 baadaye, picha zake hupita katika simu za vijana wengi ulimwenguni, na wako wanaomwona kuwa mfano wa mwanamume asiyeshindwa. Harron ameeleza wazi jinsi anavyoshangaa kuona aliyemtengeneza awe kichekesho amefanywa kuwa kielelezo.

Filimu ni moja na kicheko kwa masikio ni kimoja, lakini mioyo si mmoja. Basi dhambi, kama iko, si katika sauti ya kucheka. Tuitafute mahali pengine.

Mafundisho ya Kanisa

Kanisa halikuchukia sinema. Papa Pio wa 11 aliandika barua juu yake mwaka 1936, naye Papa Pio wa 12 aliandika nyingine mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni. Wote wawili walionya juu ya hatari zake, lakini waliitaka isaidie watu kuwa wema.

Wala Kanisa halikuchukia kicheko. Mtakatifu Tomaso wa Akwino asimulia habari ya zamani juu ya Mtakatifu Yoane Mwinjili. Watu walikwazika kumwona akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yoane akamwuliza mmoja wao mwenye upinde kama aweza kupiga mishale siku zote pasipo kupumzika. Yule akasema: hapana, upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu, akajibu Yoane. Na Tomaso aongeza kwamba mtu asiyetaka kucheka kamwe, tena awasumbua wenzake wachekao vema, naye ana kosa.

Lakini mwalimu huyo huyo atufundisha kupambanua jambo moja kubwa. Mtu akifikiri habari ya tendo baya, aweza kufurahi kwa namna mbili. Pengine afurahia kule kufikiri: amelifahamu jambo, ameona uwongo umefunuliwa. Furaha hiyo si mbaya kwa yenyewe. Au pengine alifurahia lile tendo lenyewe analolifikiri: moyo wake umelikubali, ijapo mkono haukutenda kitu. Hapo dhambi imekwisha kuingia.

Tuweke filimu juu ya mizani hiyo. Ukicheka jasho la Bateman mbele ya kikaratasi, wafurahia kuona majivuno yamevuliwa nguo, na kicheko chako ni kama hukumu. Ukifurahi kwa kuwa mwenye nguvu amempiga mnyonge naye hakushikwa, umefurahia tendo. Hapo kwanza ulimcheka mwuaji. Hapo pili umecheka pamoja naye.

Hatari ya kucheka katika kundi

Mtu atasema: «Basi ni rahisi, nitacheka kwa namna ya kwanza tu.» Si rahisi hivyo. Mtakatifu Augustino, akikumbuka mapeari aliyoyaiba pamoja na wenzake usiku alipokuwa kijana, asema kwamba peke yake asingaliiba, na kwamba walicheka kwa sababu walikuwa wengi. Maana mtu hacheki kwa urahisi akiwa peke yake. Tena atusimulia habari ya rafiki yake Alipio. Wenzake walimvuta kwa nguvu mpaka uwanja wa Roma ambamo watu waliuana ili watazamaji wafurahi. Alipio alifumba macho, akajisifu kwamba hatatazama. Lakini mtu mmoja alipoanguka, kundi lote lilipiga kelele. Alipio akafumbua macho, na tangu saa ile akawa mmoja wao. Masikio yake ndiyo yaliyomfungulia mlango.

Sisi tuliyaona hayo kwetu wenyewe. Katika filimu, baada ya habari ya vikaratasi, Bateman akutana usiku na maskini mmoja, mtu mweusi, ameketi njiani na mbwa wake. Amwuliza jina. Maskini ajibu: Al. Bateman asema naye kidogo kama mtu mwenye huruma, amwambia kwamba anuka vibaya, kisha amchoma kisu, na mbwa amwua kwa mguu. Nasi tuliokuwa tukicheka vikaratasi dakika chache kabla ya hapo, midomo yetu ilikuwa bado wazi. Mmoja karibu nasi aliendelea kucheka. Nasi, twaungama, tulicheka kidogo pamoja naye, kabla moyo haujatambua kwamba aliyekufa ni mtu. Hiyo ndiyo haya waliyoiona vijana wale njiani.

Tazama tena jambo hili. Katika filimu yote matajiri hukosea majina yao kwa yao: Allen amdhani Bateman kuwa mtu mwingine, hata siku anayouawa. Lakini maskini asema jina lake. Ni kama katika Injili ya Mtakatifu Luka, ambamo tajiri mwenye nguo za rangi ya zambarau hana jina, lakini maskini mlangoni ana jina, ndiye Lazaro. Na katika Injili tajiri yule hakumchoma Lazaro kisu. Alimpita tu, kila siku.

Daudi mbele ya Natani

Hapa twaingia nyumbani kwetu. Ni rahisi kumcheka tajiri wa New York, maana yuko mbali nasi na fedha zake hatunazo. Mfalme Daudi naye aliposikia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, alikasirika sana, akasema kwamba mtu huyo astahili kufa. Alikuwa mtazamaji mwema: alimhukumu mwovu, alimwonea maskini huruma. Ila hakujua kwamba anasimuliwa yeye mwenyewe, mpaka nabii Natani alipomwonyesha kidole.

Katika filimu Bateman ameketi mezani na rafiki zake, naye atoa hotuba nzuri: yatupasa kuwalisha wasio na makao, kupinga ubaguzi wa rangi, kuwafundisha vijana wasipende mali mno. Watu hucheka sana hapo. Sisi hatukucheka sana. Sisi ni walimu wa dini, nasi maneno ya namna hiyo twayasema kila Jumapili. Tulijiuliza: ni maskini gani tuliyempita tulipotoka kufundisha huruma? Na vikaratasi vile, je, kwetu haviko? Nani hakuona mtu akikasirika kwa sababu kiti chake arusini kiliwekwa nyuma ya kiti cha mwenzake? Kikulacho ki nguoni mwako.

Simu ya usiku

Karibu na mwisho Bateman ashikwa na hofu. Ampigia avoka wake simu usiku, na kwa kilio ataja mauaji yake. Mashine yashika maneno yote. Kesho yake akutana na avoka huyo, naye avoka acheka! Adhani ni mzaha mzuri. Tena hamtambui, amwita kwa jina la mtu mwingine, na kusema kwamba Bateman hana ujasiri wa kutenda mambo hayo; wala Allen hakufa, maana alikula naye London. Mtazamaji habaki na hakika kama mauaji yalitendeka au yalikuwa ndoto za kichwa kibovu. Bateman mwenyewe aona kwamba maungamo yake hayakumbadilisha hata kidogo.

Hapo ndipo kicheko chetu kiligeuka kutuhukumu. Maana avoka yule alifanya lile tulilolifanya sisi tangu mwanzo: alisikia habari za damu, akazipokea kama kichekesho. Mwovu alisema kweli mara moja katika maisha yake, hakupata mtu wa kumsadiki. Hatusemi kwamba alitubu. Majuto hakuwa nayo, na pasipo majuto maneno hayamfungui mtu. Lakini je, kijana wa kwetu akisema kwa mzaha jambo la kutisha, kwamba ampiga mkewe, au kwamba ataka kufa, sisi hatucheki upesi ili tusisikie? Padri katika kiti cha maungamo hacheki, wala hakimbii. Asikia dhambi kama dhambi, na mkosaji kama mtu. Ulimwengu wa Bateman ulikosa sikio la namna hiyo.

Jibu letu

Basi vijana wale tuliwajibu hivi. Kucheka majivuno ya mwuaji si dhambi, na kunaweza kuwa dawa. Kufurahia uovu wake ni dhambi, hata mkicheka kimya. Na kwa kuwa njia kati ya hayo mawili ni nyembamba, na kundi husukuma, jiulizeni maneno matatu mtokapo. Je, namkumbuka aliyeuawa, au mwuaji tu? Je, nataka kufanana na mtu huyu kwa lolote? Je, nimemcheka yeye tu, au nimejiona na mimi? Anayeona kwamba hawezi kujibu vema, aache kutazama filimu za namna hiyo; hakuna aibu ndani yake.

Mmoja aliuliza tena: «Na haya ile tuliyoiona?» Tukasema: mshukuruni Mungu kwa hiyo. Ilikuwa dhamiri, iliyotembea nanyi njiani.

Kisha yule mwingine, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akatuuliza kama twalikumbuka jina la yule maskini. Sisi tulilikumbuka, maana tulikuwa tumefikiri siku nyingi. Yeye hakulikumbuka. Alisema atalikumbuka sasa.