Kununua Chombo cha Kale kwa Asiyejua Thamani Yake

Katika nyumba za pwani, tangu Lamu hata Kilwa, hakikosekani chombo kilichoachwa na wazee: sahani ya Kichina iliyokuwa ikipangwa katika zidaka, sinia ya shaba, dele la kahawa, mrashi, kasha la njumu lililokuja kwa jahazi kutoka Surat au Bombay, au bakuli la maua lenye mhuri wa Maastricht, mji wa Uholanzi. Vyombo hivi vilinunuliwa ili vitumike, na vilitumika. Sasa vimepata soko la pili. Katika maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja, na ya Ndia Kuu kule Mombasa, watu hupita wakitazama na kupekua, huyu atafuta kiti cha enzi cha kuweka sebuleni, yule ataka mlango wa nakshi, na bei hutajwa ambazo mwenye chombo wa kwanza hakupata kuzisikia maishani mwake.

Kutazama na kuchagua si kosa, wala kupenda chombo kizuri si israfu maadamu mtu hakuvuka uwezo wake. Mas'ala yenyewe yako nyuma ya duka, nayo ni haya: chombo kile kilitokaje mikononi mwa mwenyewe?

Na uchukuliwe mfano wa Moa, mji wa wavuvi na wenye minazi ulioko pwani ya Mkinga, kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Mchuuzi aja kwa pikipiki, apita nyumba kwa nyumba akiuliza vikuukuu. Bibi mmoja mjane ana kombe la Kichina ambalo hulitilia mchele wa kuchagua. Mchuuzi aligeuza, atazama chini yake, alipiga picha kwa simu yake na kuipeleka kwa mwenziwe. Na kabla kahawa haijapoa amekwisha jua ya kuwa litauzwa kwa shilingi 400,000. Ampa bibi 20,000. Bibi afurahi na kumwombea dua, kwani alidhani halipati hata 5,000. Je, mtu huyu amedhulumu, au amefanya biashara?

Akishtakiwa, atakuwa na la kusema. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, hawampi khiyari ya kuvunja biashara aliyepunjika kwa sababu ya kutojua thamani peke yake. Mfano wao mashuhuri ni wa mtu aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari: hana pa kurudi, kwani ni yeye aliyeacha kuuliza. Mahanbali wamekuwa wapole zaidi, wakampa khiyari yule asiyejua bei wala kupatana, akipunjwa kupita kiasi cha ada. Na mchuuzi ataongeza hoja yake mwenyewe, ya kuwa ujuzi wa kutambua kombe la kale haukumjia bure. Ametembea miaka, amenunua vibovu akidhani ni vizima, amelipa nauli na kurudi mikono mitupu. Lau angelazimishwa kumtajia kila muuzaji bei ya mwisho, nani angeshika kazi hii? Kombe lingebaki na mchele wake hata siku moja mtoto aliangushe.

Hoja hii ina uzito, na wanaomcheka mchuuzi kwa kuitoa hawakupata kulala njaa kwa biashara mbaya. Walakini biashara kuwa sahihi ni jambo moja, na kuwa safi ni jingine. Imam Nawawi amepokea khabari ya sahaba Jarir bin Abdillahi Al-Bajali, ambaye mtumishi wake alimpatia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi alimwambia mwenyewe ya kuwa ni bora kuliko bei ile, je, yuko radhi kumwuza kwa 400? Akazidi kumpandishia hata akamlipa 800. Hakuna kadhi aliyemlazimisha, alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu, akaona ahadi ile haikomi mlangoni mwa soko.

Pengine itasemwa ya kuwa huo ni ucha Mungu wa masahaba, na mchuuzi wa pikipiki hawezi kutakiwa awe Jarir. Na iwe hivyo. Lakini liko jambo jingine lililo karibu zaidi na Moa. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka kwenda kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa zake kabla haijafika sokoni, na akampa mwenye mali khiyari afikapo sokoni. Mashafii hawa hawa waliomnyima khiyari mnunuzi wa kioo, hapa wameitoa. Tofauti ni nini? Mnunuzi wa kioo alikuwa na nafasi ya kuuliza akaiacha. Mwenye msafara alinyang'anywa nafasi yenyewe. Anayepeleka chombo chake mnadani Tanga ana macho ya watu kumi ya kumsaidia. Bibi aliyefuatwa barazani kwake hana soko ila maneno ya yule aliyesimama mbele yake, na simu imo mkononi mwa huyo.

Tena kunyamaza hakuko namna moja. Kuna anayenyamaza, na kuna anayesema, "Hili kuukuu tu, mama, lina ufa, nalitwaa kwa kukuonea huruma." Huyu wa pili amekwisha toka katika mas'ala haya akaingia katika uwongo, nao hauna madhehebu mawili. Kadhalika muuzaji wa mjini apakaye masizi na mafuta kasha lililochongwa mwaka jana akaliita la babu: hukumu yake yajulikana tangu siku Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta rutuba chini.

Basi mchuuzi wa Moa apasiwa na nini? Si kutoa 400,000, kwani nauli, hatari na ujuzi vina haki yake. Apasiwa kumwambia bibi ya kuwa chombo hiki chatafutwa, na kumpa siku moja au mbili amwulize mwanawe au jirani. Kisha atoe bei ambayo, bibi akipata khabari ya Mombasa, mchuuzi aweza kurudi Moa mchana na kukaribishwa kahawa.

Na kabla ya bei, aulize chombo ni cha nani. Kusini ya Tanga, katika makaburi ya Tongoni, yaonekana mashimo matupu katika chokaa palipokuwa na bakuli za Kichina, na Kunduchi kadhalika. Waliozing'oa walipata wa kuwauzia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yahifadhi vitu vilivyofanywa Tanganyika kabla ya 1863, na milango ya nakshi ya kabla ya 1940, wala havitoki nchini bila ya kibali.

Hata kombe la bibi yule, ikiwa lilikuwa la marehemu mumewe aliyeacha watoto, na mirathi haijagawiwa, kama ilivyo katika nyumba nyingi, basi fungu lake ni thumni tu. Aliloweza kuuza bila ya idhini ya wenziwe ni hilo. Mafungu saba yaliyosalia yangali mali ya warithi wengine, hata kombe likiwa limekwisha pangwa dukani Ndia Kuu.